Kifungu cha simu na posti ya Facebook: kisa cha Andare katika Mahakama Kuu ya Kenya

Posti yenyewe ilikuwa fupi, ya kusomwa kwa pumzi moja. Aliyeiandika alimgeukia mtu aliyehusika na kufadhili wanafunzi, akamwambia kwamba si lazima alale na wasichana wanyonge ndipo awape nafasi ya kwenda shule, na akamalizia kwa kumwambia aone aibu. Haikutoka kwenye gazeti lolote. Ilibandikwa Facebook, watu wakaisoma, na mlengwa akapeleka malalamiko. Mwaka 2015 Geoffrey Andare akajikuta mshtakiwa katika kesi ya jinai.

Nitangulize jambo moja kabla sijaingia kwenye sheria. Tuhuma ya namna hiyo ni nzito. Ukimbandika nayo mtu asiye na hatia, umemharibia jina, kazi na nyumba, na hata ukiifuta jioni, watu wameshaipiga picha na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini tuhuma kama hiyo ikiwa kweli, wanaoumia ni watoto wa watu wasio na wakili wala jamaa katika chumba cha habari, na Facebook ndiyo uwanja pekee walio nao. Mahakama Kuu haikuamua ni upi kati ya hiyo miwili uliokuwa ukweli, na mimi siamui. Iliamua swali lingine, nami naona lilikuwa kubwa zaidi: hiyo sheria iliyomfikisha mtu kizimbani, inastahili kuitwa sheria?

Kifungu kilichotumika ni cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1998. Kina miguu miwili. Mguu wa kwanza unamfanya mkosaji yeyote atakayetumia mfumo wa mawasiliano wenye leseni kutuma ujumbe wa kuudhi kupita kiasi, au usio na adabu, au mchafu, au wa kutisha. Mguu wa pili, ambao ndio uliomwangukia Andare, unamshika anayetuma ujumbe anaojua ni wa uongo kwa nia ya kumletea mwenzake kero, usumbufu au wasiwasi usio na sababu. Adhabu: faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili.

Ukikisoma haraka utaona kama kinafaa tu. Nani anapenda kero? Sasa kisome tena taratibu ukiwa na simu yako mkononi. Katibu wa kamati ya mazishi anakukumbusha mara ya tano kwamba hujatoa mchango: hiyo ni kero, hata kama marehemu ni ami yako. Rafiki anakuandikia "niko Pangani, nipe dakika kumi" naye hajavaa hata viatu, bado yuko kwake Githurai: ujumbe wa uongo, anajua ni wa uongo, na usumbufu umeupata wewe uliyesimama juani. Wakili atakwambia hapo hapakuwa na nia ya kusumbua. Sawa kabisa, wakili ana haki. Lakini nia hiyo inabishaniwa wapi? Inabishaniwa mbele ya hakimu, baada ya simu yako kuchukuliwa, baada ya kulala rumande ukitafutiwa dhamana, pengine baada ya miezi kadhaa ya kesi kuahirishwa. Kwa kesi za maneno mtandaoni, miezi 3 ya kifungo haikuwahi kuwa ndiyo adhabu yenyewe. Ukikamatwa Ijumaa jioni, korti ikiwa imefungwa hadi Jumatatu, adhabu umeshaanza kuitumikia bila hukumu.

Maneno haya hayakuzaliwa Nairobi. Yafuatilie nyuma, utafika London. Mwaka 1935 Bunge la Uingereza liliifanyia marekebisho sheria ya Posta, likafanya kuwa kosa kutuma kwa simu ujumbe wa kuudhi kupita kiasi, usio na adabu, mchafu au wa kutisha. Enzi hizo simu zilipita kwa mtu, mfanyakazi wa kuunganisha laini, mara nyingi mwanamke, ambaye angeweza kutukanwa na mlevi saa sita za usiku na asiwe na la kufanya. Kulikuwa na sababu ya kumlinda. Maneno hayo yakanakiliwa kwenye sheria ya Posta ya 1953, yakahamishwa ya 1969, ya 1981, ya 1984, hadi yakatua kwenye sheria ya mawasiliano ya Uingereza ya 2003. Kenya nayo iliyachukua ilipokuwa ikivunja lile shirika la Posta na Simu mwishoni mwa miaka ya tisini. Facebook ilizaliwa 2004. Kwa hiyo kijana wa 2015 alikamatwa kwa maneno yaliyokuwa na umri wa miaka 80, yaliyotungwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu wawili kwenye waya.

Kutoka watu wawili kwenye waya hadi posti ya umma ni mbali sana. Anayekupigia simu kukutukana amekuchagua wewe, na wewe umeshika kipokezi sikioni. Anayeandika ukutani mwake Facebook anasema mbele ya baraza. Baadhi ya wanaomsoma watakasirika, wengine watacheka, wengine watasema "hata mimi yalinikuta". Kero ya nani ndiyo ya kupimia?

Waingereza wenyewe walishajikwaa kwenye kisiki hicho. Januari 2010, kijana mmoja kule Doncaster aliyeona uwanja wa ndege umefungwa kwa theluji aliandika Twitter kwa mzaha kwamba wasipoufungua atauripua. Akashtakiwa kwa ujumbe "wa kutisha", akatiwa hatiani Mei mwaka huo, faini pauni 385 na gharama pauni 600. Ilichukua hadi Julai 2012 kwa Mahakama Kuu ya huko kusema kile ambacho kila msomaji wa ile twiti alikijua tangu siku ya kwanza: ujumbe usiomtisha mtu yeyote hauwezi kuitwa wa kutisha. Angalia lakini walivyotibu. Walimwachia mtu, sheria wakaiacha ilivyo, wakasema tu isomwe kwa busara. Nairobi ilichagua njia nyingine.

Andare hakusubiri kesi yake isikilizwe hadi mwisho. Alikwenda Mahakama Kuu na ombi la kikatiba, namba 149 la mwaka 2015, akisema kifungu chenyewe kinapingana na Katiba ya 2010. Article 19, shirika linalotetea uhuru wa kujieleza, liliingia katika kesi. Serikali ilijibu ilivyozoea kujibu: hakuna uhuru usio na mipaka, na kifungu kipo kulinda haki za wengine.

Jaji Mumbi Ngugi alitoa hukumu tarehe 19 Aprili 2016. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na kinachonivutia ni jinsi anavyoanzia mbali na Facebook. Haanzi kwa kulalamikia mitandao, wala haisifu. Anaanza na swali la zamani la sheria ya jinai: je, mtu wa kawaida akisoma kifungu hiki anaweza kujua, kabla hajafungua mdomo, kwamba akisema hivi atakuwa na hatia na akisema vile hatakuwa nayo? Anachukua maneno yale, "kuudhi kupita kiasi", "usio na adabu", "kero", "usumbufu", anatafuta ndani ya sheria maana yake, na hayakuelezwa popote. Basi maana itatolewa na nani? Na polisi anayeandika mashtaka, na kiongozi wa mashtaka, kisha na hakimu, kila mmoja kwa kipimo cha moyo wake. Na mguu wa kwanza wa kifungu haukudai hata kwamba aliyetuma awe na nia mbaya.

Hatua ya pili ndiyo iliyokimaliza kifungu. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya inatoa uhuru wa kujieleza, na papo hapo inataja yasiyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, kutetea chuki ya kikabila na mfano wake. Kero haimo. Usumbufu haumo. Ni kweli Ibara hiyohiyo inataka kila mtu aheshimu haki na sifa za wengine, na serikali iliegemea hapo. Lakini Ibara ya 24 inasema anayetaka kubana haki ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba kubana huko ni kwa lazima na kwamba hakuna njia nyepesi ya kufikia lengo hilohilo. Njia nyepesi ilikuwepo tangu zamani: kesi ya madai ya kashfa. Aliyechafuliwa jina amshtaki aliyemchafua, athibitishe, alipwe. Polisi hawana haja ya kuingia hapo. Jaji akatangaza kifungu chote cha 29, miguu yote miwili, kuwa kinapingana na Katiba, na kesi iliyojengwa juu yake ikakosa pa kusimama.

Haikuwa mahakama ya kwanza duniani kufika hapo. Mwaka mmoja na wiki chache kabla, tarehe 24 Machi 2015, Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imekifuta kifungu cha 66A cha sheria yao ya teknolojia ya habari, chenye maneno ya ukoo uleule wa kuudhi na kusumbua, katika kesi iliyofunguliwa na mwanafunzi wa sheria.

Nakubaliana na hukumu ya Nairobi. Lakini kuna sehemu inayonikereketa, nayo ni lile jibu la "nenda ukafungue kesi ya kashfa". Kwenye karatasi ni jibu zuri. Mtaani ni jibu la wenye nacho. Kesi ya madai inataka wakili, na wakili anataka malipo ya kwanza mezani kabla hajafungua faili. Fikiria mwalimu wa shule ya msingi aliyesingiziwa kwenye kundi la kata: mpaka hukumu ije, watoto aliokuwa akiwafundisha wameshamaliza darasa la mwisho. Na upande wa pili wa mizani, mwenye pesa akimfungulia raia kesi ya mamilioni kwa posti moja, raia huyo atafuta posti yake siku hiyohiyo, ya kweli au ya uongo. Kashfa ya madai nayo inaweza kuziba midomo. Tofauti ni kwamba haimlazi mtu rumande, na kwangu hiyo si tofauti ndogo.

Kuna pengo jingine linalohusu hasa uandishi wa raia. Gazeti au redio ikikukosea, Kenya ina Tume ya Malalamiko iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Unapeleka lalamiko, chombo kinaitwa, kinaweza kuamriwa kusahihisha au kuomba radhi. Raia aliyeandika akiwa kwenye matatu hana mhariri, hana dawati la malalamiko, hana ukurasa wa masahihisho. Wa kumlalamikia aliye karibu ni polisi. Nadhani hilo linaeleza kwa nini kifungu cha simu kilipendwa hivyo: kilikuwa mlango ulio wazi pale ambapo hakukujengwa mwingine. Hukumu iliufunga, na haikuwa kazi ya jaji kujenga mpya.

Wala tusiwasahau waliokuwa wakiutumia mlango huo kwa shida ya kweli. Mwanamke anayetumiwa picha za utupu na mwanamume aliyemkataa, anayetishiwa kila usiku kwa namba mpya, naye alikuwa analindwa na lile neno "wa kutisha". Kifungu kibovu kinaweza kumfaa mtu mwenye haki, kama vile nyavu haramu inavyovua samaki halali pia. Kuwepo kwake hakukiponyi kifungu, lakini ukiwa unashangilia hukumu hii ni vizuri umkumbuke.

Turudi kidogo kwenye kesi ile ya jinai ambayo haikufika mwisho. Tuseme ingefika. Upande wa mashtaka ungepaswa kwanza kuonyesha kwamba akaunti ni ya mshtakiwa na kwamba ni yeye aliyebonyeza, si aliyeazima simu yake. Kisha ungeleta posti yenyewe, na posti haibebwi mkononi. Huletwa picha ya skrini iliyochapwa kwenye karatasi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinadai karatasi hiyo iandamane na cheti: kifaa gani kilitumika, rekodi ilitolewa vipi, na sahihi ya mtu anayehusika na kifaa hicho. Kuna waliofika mahakamani na rundo la picha za skrini, rangi kamili, saa na tarehe zinaonekana, wakarudi nyumbani kwa kukosa karatasi hiyo moja. Kwa raia anayerekodi askari akipokea kitu kidogo barabarani, funzo ni la moja kwa moja: usiifute video asili baada ya kuituma, usiikate mwanzo na mwisho ili ipendeze, na simu iliyorekodi usiiuze. Video iliyopita kwenye makundi kumi imeshapoteza mwenyewe, na wakili wa upande wa pili ataanzia hapohapo.

Baada ya Andare, milango mingine ilianza kuanguka mmoja mmoja. Tarehe 6 Februari 2017 Jaji John Mativo alikifuta kifungu cha 194 cha Kanuni za Adhabu, kile kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai, na kesi hiyo pia ilianzia kwenye Facebook. Aprili 2017 Jaji Chacha Mwita akakifuta kifungu cha 132, cha kudhoofisha mamlaka ya ofisa wa umma, ambacho mwanablogu Robert Alai alikuwa ameshtakiwa nacho kwa maneno juu ya Rais Uhuru Kenyatta. Ndani ya mwaka mmoja na siku chache, vifungu vitatu alivyoweza kushikwa navyo mtu wa mtandaoni vilikuwa vimekwenda.

Bunge halikukaa kimya. Mei 2018 Rais alitia sahihi Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Ina mambo mengi yaliyohitajika, ikiwemo kosa la kumwandama mtu mtandaoni, ambalo yule mwanamke wa picha angeweza kulitumia. Lakini vifungu vya 22 na 23, kama vilivyotungwa 2018, vilihusu habari za uongo. Cha 22 kilifika faini ya shilingi milioni 5 au miaka 2. Cha 23 kilimgusa anayechapisha habari anazojua ni za uongo, zenye kuelekea kuleta taharuki au kuharibu sifa ya mtu: milioni 5, au miaka 10. Weka hizo kando ya shilingi 50,000 na miezi 3 za kifungu kilichofutwa. Faini imepanda mara mia, na kifungo mara arobaini.

Chama cha Wanablogu wa Kenya kilikimbilia mahakamani, na tarehe 29 Mei 2018 Jaji Mwita akasimamisha vifungu 26. Karibu miaka miwili vilikaa hivyo. Tarehe 20 Februari 2020 Jaji James Makau akalitupa ombi hilo na vifungu vyote vikaanza kazi. Wiki tatu baadaye Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na watu wakaanza kukamatwa kwa walichoandika kuhusu ugonjwa huo. Alai alikuwa miongoni mwao.

Mtu akiniuliza Jaji Ngugi na Jaji Makau waliachana wapi, jibu langu ni kwamba Bunge lilijifunza kuandika. Neno "kero" limeondoka. Badala yake kuna "anajua ni uongo", kuna "taharuki", kuna "sifa". Ni maneno yenye umbo la kisheria zaidi, na jaji anayeuliza kama mtu wa kawaida anaweza kuyaelewa anaweza kujibu ndiyo. Lakini ichukue ile posti ya 2015, neno kwa neno, uiweke chini ya kifungu cha 23. Inaingia, inasema juu ya sifa ya mtu, na mlalamishi anadai aliyeandika alijua ni uongo. Tofauti ni kwamba chini ya sheria hiyo ya 2018 anayeiandika alitazama miaka 10.

Jirani zetu wamepita njia hiyohiyo kwa mwendo wao. Uganda ilikuwa na kifungu cha 25 cha sheria yao ya kompyuta, cha kuvuruga amani, utulivu au faragha ya mtu kwa mawasiliano ya kielektroniki. Januari 2023 Mahakama ya Kikatiba ilikifuta, na sababu zake zingeweza kusomwa Milimani, kwenye mahakama za Nairobi, bila mtu kushtuka: maneno mapana mno, mtu hawezi kujua lini amevunja sheria. Tanzania ina sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010 ambayo kifungu chake cha 118 kinataja maudhui machafu, yasiyo na adabu, ya uongo, ya kutisha au ya kuudhi, yanayotumwa kwa nia ya kumkera mtu. Juni 2016, wiki kadhaa tu baada ya hukumu ya Andare, mahakama mjini Arusha ilimtia hatiani mkazi mmoja kwa maneno ya dharau aliyoandika Facebook kumhusu Rais John Magufuli. Akaambiwa alipe shilingi milioni 7 au aende jela miaka 3. Mahakama ikamruhusu alipe kwa awamu mbili.